Ramani Inayoishia Lunga Lunga

Kutoka Tanga hadi Horohoro ni kilomita 65 hivi za lami, na njia nzima ni mambo yaleyale: Amboni, Mkinga, Duga, minazi, mikorosho, mbuzi waliojilaza barabarani wakisubiri honi. Mpakani unateremka na kupanga foleni, maofisa wa nchi mbili wanaokaa chini ya paa moja wanakugongea mihuri, na ukitokea mlango wa pili uko ng'ambo, Lunga Lunga. Minazi haijabadilika. Mbuzi nao wamelala vilevile. Kilichobadilika ni fedha. Vijana wa kuvunja noti walituzunguka kabla hatujarudi kwenye basi, na kwa kuwa shilingi moja ya Kenya ilitaka karibu ishirini za kwetu, aliyepewa na baba yake shilingi elfu hamsini alibaki anazitazama noti tatu kiganjani.

Tulikuwa wanafunzi wa sekondari, tunakwenda kukaa na wenzetu wa shule moja katika Kaunti ya Kwale. Ilikuwa Juni. Sisi tumefunga shule, wao wako katikati ya muhula wa pili, kwa hiyo tungewakuta darasani. Wao nao wangetutembelea Agosti, zamu ya kufunga ikigeuka. Mwalimu wetu, aliyeibeba bahasha ya kaki yenye hati zetu zote za kusafiria kama mama aliyebeba kichanga, alikuwa ametupa kazi kabla hatujaondoka: tuandike tofauti kumi kati ya Tanzania na Kenya. Hadi chakula cha mchana nilikuwa nimezimaliza zote. Daladala wanaita matatu, bajaji ni tuktuk, kanga ni leso, mkoa ni kaunti, na kadhalika. Kazi iliyokamilika upesi namna hiyo ilinitia shaka.

Kutoka Lunga Lunga barabara inapita njia panda ya Kanana, ambako gari za Shimoni huchepuka kuelekea baharini, halafu inaingia kwenye miwa ya Ramisi. Kiwanda cha zamani cha sukari kilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na miaka mingi ikapita kabla kampuni nyingine haijaja na kiwanda kipya. Kwenye mashamba ya miwa na ya mkonge ya upande huu ndiko walikofanya kazi Wamakonde waliotoka Msumbiji na kusini mwa Tanganyika enzi za ukoloni. Watoto na wajukuu wao walizaliwa Kwale, wakaoa na kuzika Kwale, na bado walikuwa hawana kitambulisho cha nchi yoyote. Oktoba 2016 waliondoka kwa miguu kuelekea Nairobi kumwona rais. Mwaka uliofuata vitambulisho vikaanza kutolewa, na Wamakonde wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Mwalimu mwenyeji alitusimulia hayo dirishani, basi likipita karibu na Makongeni, kwa sauti ya mtu anayetaja mvua ya mwaka juzi. Sisi tuliokuwa tumegongewa mihuri asubuhi ileile tulinyamaza.

Shule ina uwanja wa udongo mwekundu, miembe, na matangi meusi ya kukingia maji ya mvua. Asubuhi ya Jumatatu bendera ilipandishwa, wenyeji wakaimba wimbo wao wa taifa, kisha tukaombwa tuimbe wetu. Nyimbo mbili, zote za Kiswahili, zote zinaanza kwa kumtaja Mungu. Baada ya hapo tukagawanywa, kila mgeni na mwenyeji wake, dawati moja.

Ukutani, upande wangu, ilibandikwa ramani ya Kenya ya somo la jiografia, karatasi pana iliyofunikwa nailoni, pembe yake ya chini imeanza kujikunja. Huko pembeni ndiko Kwale iliko: Kinango, Msambweni, Shimoni, Vanga, kisha mstari mwekundu. Chini ya mstari rangi inakatika. Hakuna kilima, hakuna barabara, hakuna mji, ni neno TANZANIA tu limeandikwa juu ya weupe. Mto Umba, ambao kwetu kila mtoto anajua unateremka kutoka milima ya Usambara, pale umeanza kwenye mstari, hauna chanzo, unakwenda kumwagika Vanga. Darasani kwetu Tanga tuna ramani ya namna hiyohiyo, ila yetu weupe uko juu. Nilimwonyesha mwenzangu kwa kidole mahali ambapo nyumbani pangekuwa iwapo karatasi ingeendelea: nje ya ramani, kwenye rangi ya ukuta, karibu na swichi ya taa.

"Kwa hivyo nyinyi mwakaa kwenye swichi," akasema, na darasa likacheka mpaka mwalimu akageuka.

Kipindi kilichofuata kilikuwa cha baiolojia, vipande vya kiazi ndani ya maji ya chumvi. Mwenzangu alisimama akaeleza kwa Kiingereza kwa nini kiazi kinalegea, sentensi ndefu, hakuna kusita. Wenzetu hufundishwa kwa Kiingereza kuanzia darasa la nne. Sisi tuliosoma shule za msingi za serikali tulisomeshwa kwa Kiswahili, kama ilivyoamuliwa Tanzania mwaka 1967, na Kiingereza cha masomo kikatukuta kidato cha kwanza. Jibu nilikuwa nalo, lakini nililishika mdomoni mpaka kengele ikalia. Wakati wa mapumziko, chini ya mwembe, yeye ndiye aliyenivuta kando: "Hebu niambie vile mwasoma nyinyi." Nikamweleza kwa Kiswahili: maji hutoka yaliko mengi kwenda yaliko machache, ngozi ya seli inayapitisha yenyewe na kuizuia chumvi. Alisikiliza, akauliza maswali mawili ambayo darasani hakuyauliza. Nami nikajua kwamba kila mmoja wetu alikuwa na nusu: yeye ana maneno ya mtihani, mimi nina njia ya kufikia maana. Hakuna shule kati ya hizo mbili iliyotupa vyote.

Kwenye somo la Kiswahili ugomvi ulikuwa mtamu zaidi. Wao ngeli ya kwanza wanaiita A-WA, sisi tumefundishwa YU-A-WA, na zikapita dakika kumi za kutetea herufi mbili utadhani ni shamba la urithi. Vitabu navyo tulibadilishana. Niliazima *Nguu za Jadi* ya Clara Momanyi, nikaacha *Watoto wa Mama N'tilie* ya Emmanuel Mbogo iliyochakaa jalada. Watu wanaosoma lugha moja, mwendo wa saa chache kwa basi, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kukiona kitabu cha mwenzake, kwa sababu hakimo katika mtihani wake.

Mlangoni mwa darasa kulikuwa na kibao cha lugha: Jumatatu hadi Alhamisi Kiingereza, Ijumaa Kiswahili. Kwenye foleni ya maji, ambako hakuna mwalimu, lugha ilikuwa ni Chidigo, na hiyo haina siku. Kwetu nako haina. Mama yangu ni Mdigo wa Duga, kwa hiyo foleni ile niliielewa vizuri kuliko kipindi chochote cha wiki nzima.

Jumamosi tulipelekwa Gazi. Kijiji kiko chini kidogo ya barabara kuu, kwenye ghuba iliyozungukwa na mikoko. Kikundi cha kina mama kimejenga daraja la mbao linalopita katikati ya miti, nasi tukapanga mstari mmoja juu yake, matope yakitoa harufu ya chumvi na mayai viza, kaa wekundu wakikimbilia mashimoni. Mama aliyetuongoza aliutaja kila mti kwa jina lake: mkoko wenye mizizi ya kupinda, mchu wenye mizizi iliyosimama wima kama vidole, mkandaa, muia, mlilana unaosimama mbele kabisa majini. Mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni walianzisha mradi wa Mikoko Pamoja. Wanalinda hekta 117, hewa ya ukaa iliyofungwa na miti hiyo inauzwa ng'ambo kwa njia ya hati, na fedha zinarudi kuwa maji ya bomba na vitabu vya shule. Huko Vanga na Jimbo, hatua chache tu kutoka mpakani, wameanzisha mradi wa aina hiyo pia. Mikoko ya Mkinga inaanzia hapo hapo, upande wetu wa mstari.

Kisha tukaonyeshwa shule ya msingi ya Gazi, ambayo wenyeji wanasema imo katika iliyokuwa nyumba ya Mbaruk bin Rashid, Mazrui wa Gazi. Mwalimu mwenyeji alitukalisha kivulini akatueleza. Mbaruk aligombana na masultani wa Unguja kwa miaka mingi, na mwaka 1895 akaingia vitani na Waingereza. Wakamfuata kijiji kwa kijiji, na mwaka 1896 akavuka na watu wake kuingia eneo la Wajerumani. Mpaka alioukimbilia ulikuwa na umri wa miaka kumi tu. Waingereza na Wajerumani waliuchora mwaka 1886, wakaanzia kwenye mdomo wa Mto Umba.

"Halafu?" mmoja wetu akauliza.

"Halafu alibaki kwenu," mwalimu akasema. "Hayo sasa tuambieni nyinyi."

Hatukuwa na la kumwambia. Sisi tunamsoma Abushiri wa Pangani, aliyepigana na Wajerumani akanyongwa mwaka 1889. Wenzetu wanamsoma Mekatilili wa Menza, aliyewainua Wagiriama mwaka 1913. Mbaruk alipigana upande huu akaishia upande ule, na kwa kosa hilo la kuvuka hana kitabu. Abushiri na Mbaruk ni watu wa pwani moja na wa zama moja, huenda habari za mmoja zilimfikia mwenzake kwa jahazi. Darasani hawajawahi kukutana.

Diani tulipita mchana mmoja. Mchanga ni mweupe kweli kama wanavyosifu, ingawa kusi ilikuwa imeurundikia mwani, na kuufikia unapenya vijia vyembamba kati ya kuta za hoteli. Juu ya barabara zimetandazwa ngazi za kamba. Ni kazi ya shirika la kulinda mbega lililoanza mwaka 1997, ili mbega wavuke bila kugongwa na magari. Tulisimama mpaka mmoja akavuka, mkia mrefu ukining'inia, hakutazama kulia wala kushoto.

Kaya Kinondo ilitupunguza sauti. Kabla ya kuingia unafungwa kitambaa cheusi kiunoni, unavua kofia, na unaambiwa usichukue kitu, hata jani lililoanguka. Msitu huu ni mmoja wa kaya za Mijikenda zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Mzee aliyetuongoza aliuliza kama miongoni mwetu kuna Wadigo. Tukainua mikono. Akatutenga na kundi, akatusemesha Chidigo, na kuanzia hapo maelezo ya wageni yakawa ya wengine. Sisi tuliulizwa nyumbani hawajambo.

Jumapili nilikuwa kwa kina mwenzangu, Msambweni. Chai na mahamri na mbaazi za nazi asubuhi, wali na samaki wa kupaka mchana. Bibi yake alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua mchicha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mwana wa nani wewe?"

Nikamtaja baba. Akapunga mkono. "Babako ataniambia nini? Mamako ni wa fuko gani?"

Kwa Wadigo fuko hufuatwa kwa upande wa mama. Nilipolitaja lile la mama yangu aliuweka mchicha chini, akaanza kuhesabu: fulani aliolewa Duga, fulani alizikwa Moa, mtoto wake alirudi Vanga, na huyu aliyekuletea chai, basi, mwite dada. Akanieleza jinsi walivyokuwa wakienda mazishini upande wetu kwa dau kutoka Vanga, ambako hadi leo wavuvi wa Pemba huja kupiga dago upepo ukifaa. Nilimuuliza kama walikuwa na pasi. Alinitazama kwa huruma. "Pasi ya kwendea msibani?"

Kesho yake nilirudi kwenye ile kazi ya tofauti kumi nikaona kasoro yake. Nilizoziandika zilikuwa tofauti za stendi na sokoni, na hizo mtu huzizoea kwa siku moja. Tofauti yenye uzito ni ile niliyoikuta ndani ya vyumba vya madarasa, nayo haikuzaliwa na Wadigo wala na Umba. Ofisa wa Horohoro alinichelewesha nusu saa. Silabasi imenichelewesha tangu darasa la kwanza: ramani inayokatika nyumbani kwa mwenzangu, kitabu kisichovuka, shujaa aliyekatwa nusu, lugha ya bibi isiyo na siku kwenye kibao. Nasi tulidhani mpaka unalindwa na askari.

Kwa sababu hiyo sioni faida ya ziara ya kubadilishana wanafunzi inayoishia kwenye picha za pamoja na fulana zenye bendera mbili. Kama nchi zetu zimekubali maofisa wao wakae chini ya paa moja kugonga mihuri, walimu wao wa historia nao wanaweza. Nimependekeza kwa mwalimu wetu tuanze na Mbaruk. Wenzetu watakapokuja Agosti walete nusu yao ya habari, waliyoipata Gazi. Sisi tumepewa hadi wakati huo kuitafuta iliyobaki huku kwetu, kwa wazee na kwenye maktaba, na kipindi kimeshawekwa kwenye ratiba: Jumatano, saa nne, madarasa mawili chumba kimoja. Ramani tutabandika mbili, moja juu ya nyingine.