Kisu Chako Kimenikata



Leo tuzungumze juu ya kitu kidogo sana. Kitu hicho ni skrubu ya kipini cha kisu. Wengine huiita parafujo. Usicheke. Kitu hiki kidogo kilinitia aibu hapa Nangara.

Mimi ni bwana shamba. Jirani yangu mmoja, mama mjane, aliniletea kisu chake. Kipini kilikuwa kimevunjika. Nilichonga vibao viwili vya mninga. Nikavibana kwenye chuma kwa skrubu mbili za mbao. Kisu kilipendeza. Mama akanishukuru, nami nikajisifu moyoni.

Miezi mitatu ikapita. Siku moja, wakati wa palizi, mama alikuwa akipasua boga. Kipini kikalegea. Chuma kikageuka, kikamkata kiganja. Nilipofika aliniambia, "Bwana Shamba, kisu chako kimenikata." Hakuongeza neno. Alikaa wiki tatu bila kushika jembe. Ilinibidi nikampalilie mahindi yake mimi mwenyewe.

Nilikosea wapi? Skrubu ya mbao imechongoka mwishoni. Meno yake hushika mbao tu, hayashiki chuma. Katika kisu, skrubu hupita kibao cha kwanza na tundu la chuma, kisha hushika kibao cha pili. Kibao hicho ni chembamba, pengine milimita 8 tu. Basi meno yanayoshika ni machache. Tena kisu huoshwa kila siku. Mbao ikilowa huvimba, ikikauka husinyaa. Meno huachia polepole, na wewe huoni.

Sasa, ndugu msomaji, ukitaka kutengeneza kipini, fanya hivi.

Kwanza, chagua skrubu ya nati. Hii hupita vibao vyote viwili na kufungwa upande wa pili. Inabana kutoka pande zote mbili. Unene wa milimita 4 unatosha kwa kisu cha jikoni. Tumia mbili au tatu, wala usitumie moja. Ukitumia moja, kipini kitazunguka.

Pili, chagua yenye kichwa bapa. Kichwa cha mviringo hutokeza na kuchubua kiganja. Panua mdomo wa tundu ili kichwa kizame kwenye mbao. Upande wa pili, chimba kidogo ili nati nayo izame.

Tatu, chagua shaba. Shaba haishiki kutu kama chuma. Lakini angalia usidanganyike. Ziko skrubu za chuma zilizopakwa rangi ya manjano. Nenda dukani na sumaku. Sumaku ikiinasa, hiyo si shaba.

Nne, toboa tundu kwa kekee kabla ya kutia skrubu. Usiisukume kwa nguvu, mbao itapasuka. Paka gundi kati ya mbao na chuma, ili maji na mabaki ya chakula yasiingie.

Tano, kaza nati kwa nguvu ya wastani. Kata ncha, ubakize milimita 1 juu ya nati. Weka kichwa cha skrubu juu ya chuma kigumu. Kisha gonga ncha polepole kwa nyundo mpaka itanuke. Sasa nati haiwezi kufunguka. Malizia kwa tupa na msasa.

Huna skrubu ya nati? Kata kipande cha msumari mnene. Kipitishe kwenye matundu, ukigonge pande zote mbili. Mipini mingi ya panga hufungwa kwa namna hiyo.

Usikate mti kwa ajili ya kipini. Mwombe fundi seremala mabaki ya mbao ngumu, iliyokauka vizuri.

Na mtu akikatwa, osha jeraha kwa maji safi na sabuni. Kisha aende zahanati. Jeraha likiingia uchafu linaweza kuleta pepopunda, nayo huua.

Yule mama nilimtengenezea kisu upya kwa skrubu za shaba tatu. Alikipokea, akakitikisa karibu na sikio lake. Akasikiliza. Halafu akaniambia, "Hiki hakisemi kitu."

Nawe leo shika kisu chako, ukitikise. Kikisema, kitengeneze kabla hujapika. Usipoziba ufa utajenga ukuta.