Ndoo ya Changu Wachanga

Ramadhani ya mwaka 2015 iliandama katikati ya Juni, kusi likiwa limekwishashika. Kwa sisi wa ukanda wa Tanga jambo hilo lina maana yake: ngalawa na mitumbwi midogo haivuki mwamba, na riziki hutafutwa ndani, baina ya mikoko na matumbawe. Nilikuwa nimetoka chuoni, na ndio kwanza nimekabidhiwa daftari la kamati ya msikiti wetu.

Alasiri moja kijana wa mtaani alileta ndoo ya samaki kwa ajili ya futari. Walikuwa changu na tasi, na mkubwa wao hakuzidi kidole changu cha kati. Niliandika: ndoo moja, sadaka. Ami yangu, aliyevua kwa mshipi na dema tangu ujana wake, aliichungulia ndoo ile, kisha akaenda kuketi. Magharibi alifuturu kwa tende na uji.

Baada ya tarawehe nilimfuata, nikamtajia aya ya 96 ya Suratul-Maida, inayohalalisha mawindo ya bahari, pamoja na maelezo ya wanazuoni niliyoyasoma. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, sikusema ni haramu. Kesho ni mwezi ngapi?"

"Kumi na sita, Ami."

"Basi ni bamvu. Saa nne tukutane pwani."

Msomaji aliye mbali na bahari huenda hajui kuwa kalenda yetu ya Hijria ndiyo pia kalenda ya maji. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, bahari hujaa sana na kupwa sana. Hilo ndilo bamvu. Ukifika saba au nane, na tena ishirini na mbili, huwa maji mafu. Lakini pepo hazifuati mwezi. Kusi na kaskazi hufuata mwaka wa jua, ambao wazee waliuhesabu kwa miongo ya siku kumi kumi tangu Nairuzi, na Ramadhani huuzunguka ikitangulia takriban siku kumi na moja kila mwaka. Mvuvi hushika hesabu zote mbili kichwani. Mimi niliyebandika ratiba ya futari ukutani nilikuwa na moja tu.

Maji yalikuwa yamekupwa mbali. Tulitembea juu ya majani ya bahari, na katika vidimbwi Ami akanionyesha changu wachanga wakijificha. "Hapa ndipo wanapolelewa. Wakikua hutoka wenyewe kwenda mwambani, na kaskazi likivuma utawakuta huko." Mbele kidogo majani yalikuwa yameng'olewa kwa mstari mpana, mchanga u wazi. Kokoro lilikuwa limepita. Wavu huo una macho madogo na huburutwa chini, wala hauchagui. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zimeukataza.

Nilisema nitamkemea yule kijana. Ami akasimama.

"Kokoro si lake. Yeye ni kibarua wa kulivuta, hulipwa samaki. Ukimwambia aache, mwambie na watoto wake wale nini mpaka kusi lipungue."

Nakiri sikuwa na jibu, na chuoni hatukuwahi kuulizwa swali hilo.

Kamati ilijadiliana kwa mikesha miwili. Wapo waliosema msikiti si benki, na hawakukosea sana. Mwishowe tulimkopesha shilingi 120,000 akasukiwa dema zenye matundu mapana, ambazo samaki mdogo huingia na kutoka. Majuma ya mwanzo alipata kidogo mno, mkewe akaja kulalamika kwangu, na haki alikuwa nayo. Mwenye kokoro alipata kibarua mwingine siku ya pili.

Ami amekwishatangulia mbele ya haki, Allah amrehemu. Ramadhani ya mwaka 2025 ilianza Machi, mwishoni mwa kaskazi, bahari imetulia. Kijana yule, ambaye sasa ana mvi kidevuni, alileta changu watatu, kila mmoja akijaza sinia. Niliandika: samaki watatu, sadaka. Katika ukurasa wa madeni bado limo jina lake, shilingi 40,000, na hakuna mjumbe aliyewahi kuniomba niusome ukurasa ule kikaoni.