Kilo 23

Mizani tuliazima kwa jamaa wa skrepa hapo chini ya ploti. Ni ile ya ndoano, ya kupimia vyuma. Nililiinua begi kwa mikono miwili, dadangu akachuchumaa kusoma namba. 26 na nusu. Ndege inaruhusu 23.

"Toa unga," nikamwambia.

"Mwambie mathe wewe mwenyewe."

Mathe alikuwa jikoni, anajifanya hasikii. Pakiti mbili za unga ni kilo 4 kabla hujaweka hata soksi. Halafu kulikuwa na nyama. Aliikausha, akaikaanga, akaijaza kwenye mkebe wa Kimbo na kuufunga na karatasi mara tatu. Umoja wa Ulaya haukubali msafiri wa kutoka huku aingie na nyama wala maziwa. Nilijua hivyo wiki nzima. Lakini wakati anakaanga alikuwa anaimba, na mathe haimbi siku hizi.

Dadangu anaenda Leipzig muhula mmoja, kwa ufadhili wa Erasmus+. Masomo yanaanza Oktoba, na baridi nayo. Koti tulipata Gikomba, shilingi 1,200 baada ya kubishana nusu saa. Lebo ya ndani ni ya Kijerumani. Koti linarudi kwao, na halihitaji viza.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikuwa ya mtu mmoja na sisi tulikuwa wawili, na kusema ukweli yeye ndiye alikuwa na kichwa. Tangu hapo naandika. Makala nikipata, lakini sana sana insha za wanafunzi wa ng'ambo wasiotaka kuziandika wenyewe. Ndiyo, ni udanganyifu, najua. Nikihesabu kurasa nina kama digrii mbili hivi, zote za watu. Karo ya dadangu ya mwaka jana ilitoka hapo. Sasa anaenda kuketi darasani na watu kama wateja wangu, na wao watakuwa wamelala vizuri.

Laptopu yake ilikufa Agosti. Wiki moja kabla ya safari aliniuliza, polepole, akiangalia kando.

"Bro, si unipatie yako? Ni miezi tano tu."

"Na mimi nile nini?"

Hakuuliza tena. Aliendelea kukunja nguo, na mimi nikafungua hiyo hiyo laptopu nikaandika kurasa nane kuhusu uongozi hospitalini, kwa ajili ya mtu wa Ohio. Siku mbili sikuweza kumwangalia usoni. Hata sasa sijui jibu lingine ningempa lipi.

Basi tukatoa vitu. Unga pakiti moja. Viatu vya kanisani. Kamusi niliyomnunulia akiwa kidato cha tatu, ambayo sikujua hata kwamba ameipakia. Hiyo aliitoa akaishika kidogo, akairudisha, akatoa shampuu. 24. Ikabaki nyama.

Nikaenda jikoni nikamwambia mathe. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwa leso.

"Wataifanyia nini?"

"Wataitupa."

"Yote?"

"Yote, mathe."

Akaingia chumbani, akafungua begi, akatoa mkebe mwenyewe. 22 na kitu. Kwa ile nafasi akachomeka majani chai.

Kesho yake usiku tulirudi kutoka uwanja wa ndege, sisi wawili, kwa matatu. Mathe akalala bila kuvua leso. Nilikuwa na kazi ya kumaliza kabla ya saa kumi na moja asubuhi, ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kuhusu kuishi mbali na nyumbani. Maneno 900. Nikafungua mkebe, nikaula nusu nikiandika.