Ukwaju Katika Chungu cha Nyumbani

Ladha ni jambo la mazoea, wala si la ulimi peke yake. Mtu aliyezoea chumvi nyingi tangu utotoni, chakula kisicho na chumvi hukiona si chakula. Hayo niliyashuhudia nyumbani kwetu Soroti, mashariki mwa Uganda, pale daktari alipomwonya baba yangu mzazi kwamba shinikizo la damu yake limepanda, na kuwa pamoja na kumeza dawa hana budi kupunguza chumvi. Mzee alitii siku mbili. Siku ya tatu aliisukuma sahani, na kwa majuma kadhaa alikula kidogo mno hata nguo zikampwaya. Tukawa baina ya mambo mawili: chumvi ya kumdhuru, au njaa ya kumdhoofisha.

Jawabu lilikuwa uani. Mkwaju, ambao Wateso huuita epeduru, ni mti unaostahimili ukame. Asili yake ni Afrika, ingawa Waarabu waliliita tunda lake "tamr hindi", yaani tende ya Kihindi, na jina hilo ndilo lililoenea Ulaya. Kiswahili kina jina lake lenyewe: mti ni mkwaju, tunda ni ukwaju. Uchachu wake huamsha ulimi, hata chumvi kidogo ikatosha.

Namna ya kuutumia ni nyepesi. Naambua maganda, natwaa ukwaju kiasi cha konzi moja na kuuroweka katika vikombe viwili vya maji ya uvuguvugu kwa nusu saa. Kisha naukamua kwa vidole mpaka nyama yake iachane na kokwa, halafu nauchuja. Uji wa ulezi naumiminia maji hayo ukishaiva, na sukari kidogo tu yatosha. Samaki wa ziwa Kyoga nawapika kwa nyanya, vitunguu maji na kitunguu saumu, nikatia nusu kikombe cha ukwaju kabla ya kuepua. Majani ya kunde yaliyoungwa kwa karanga nayo hupokea vijiko viwili vitatu. Chombo changu ni chungu cha udongo, kwani uchachu hula sufuria ya alumini. Tena kiasi ni muhimu: ukwaju ukizidi, meno hufa ganzi.

Ukwaju haukuchukua nafasi ya vidonge vya mzee. Kazi yake ilikuwa kumrudisha kwenye sahani, na akarudi.

Walimu wenzangu, jambo hili lina upande wa lugha pia. Kwa watu wengi wa rika la baba yangu nchini Uganda, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari: simama, kaa chini, toa kitambulisho. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Uamuzi huo ni mwema, lakini amri peke yake haiondoi hofu iliyokwisha kukaa moyoni.

Wanangu walipokuwa wakinisaidia jikoni, niliwatajia kila kitendo kwa Kiswahili: ambua, roweka, kamua, chuja, unga, epua. Mzee alikuwa akisikiliza kimya. Jioni moja alionja mchuzi wa samaki, akasema, "Umekolea, mwanangu." Neno hilo hakulisikia kwa askari.

Basi na tusiridhike na vitenzi vya vitabuni. Kitenzi kolea peke yake chatosha somo zima: mchuzi umekolea, mpishi ameukoleza, amemkolezea mzazi wake. Mwanafunzi aliyejifunza maneno hayo kwa kuonja hatayasahau upesi, na atayapeleka kwao pamoja na chakula chenye siha. Lugha inayolisha wazee na watoto haina haja ya kulazimishwa kwa mtu.