Adui Atumiaye Lori Letu

Kwa muda wa miaka 27 nilivaa sare ya polisi hapa Uganda, na mingi katika miaka hiyo niliipitisha nyuma ya kaunta ya kituo, nikiandika malalamiko ya watu kitabuni. Mwenye kukaa kauntani husikia kila jambo: kuku aliyeibwa, mke aliyepigwa, mtoto aliyepotea. Kwa hiyo nilijidhania kuwa mtu ajuaye kusikiliza. Leo nataka kueleza siku niliyoshindwa kusikiliza, tena si kituoni, bali nyumbani kwangu.

Jioni moja mama watoto alinijia katika chumba chetu cha kambini, akaniambia kwamba ameona uvimbe mdogo katika titi lake, mgumu kama punje ya maharagwe, usiouma. Mimi nilikuwa nikipiga pasi sare ya kesho. Nikamjibu bila kuinua macho, "Kama hauumi, ngoja mshahara." Mshahara ukaja, ukaishia katika karo za shule. Mwezi wa pili nikasema vilevile. Ilipotimia miezi mitano ndipo tulipokwenda hospitali, na daktari akatueleza kwamba saratani, ambayo wengi wetu twaiita kansa, ilikwisha kutoka katika titi na kufika kwenye tezi za kwapani.

Neno hilo, "ilikwisha kutoka," likanikaa moyoni. Kwa kawaida ya kazi yangu, nikisikia kwamba mfungwa ametoka, huuliza ametokea wapi, na nani aliyemfungulia. Binti yetu husoma chuo kikuu elimu ya chembe hai, yaani seli. Alipokuja likizo nikamwuliza swali hilohilo, naye akaketi na kunieleza kwa mfano wa kambi yetu.

"Baba," akasema, "kila seli ni kambi. Ina ukuta mwembamba uitwao utando, na ndani yake mna karakana zinazotengeneza vitu. Kitu kikiisha kutengenezwa hakitupwi tu uani kijitafutie njia. Hufungwa katika kifuko kidogo cha utando, kama mzigo katika lori, kikapelekwa mahali kilipoandikiwa. Kifuko kikifika ukutani huungana na utando, na mzigo ukatoka nje. Hivyo ndivyo insulini inavyotoka, na hivyo ndivyo mishipa ya fahamu inavyopelekeana habari."

Nikamwuliza ni nani aliyezigundua lori hizo. Akanisimulia habari za Randy Schekman wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1948, na hapo nikatega sikio, kwa maana habari zake zinapita katika kituo cha polisi. Alipokuwa mvulana huko California, Schekman alikuwa akikata majani ya majirani ili aweke fedha za kununulia darubini ya kutazamia vijidudu. Lakini kila mara mama yake alikuwa akizikopa akiba zake. Siku moja akakasirika, akapanda baiskeli mpaka kituo cha polisi, akamwambia afisa wa kaunta kwamba anataka kutoroka nyumbani, kwa sababu mama yake amechukua fedha zake na hawezi kununua darubini. Hakufukuzwa. Baba yake akaja kumchukua, na mwisho wake mvulana akapata darubini iliyokwisha kutumiwa, kwa dola 100, katika duka la rehani.

Mvulana huyo akawa mtaalamu katika Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley. Dada yake alifariki kwa saratani ya damu akiwa angali kijana, jambo lililouchoma moyo wake. Hata hivyo hakuanza kwa kuichunguza saratani. Alichukua hamira, ileile tunayotia katika mkate, kwa kuwa seli yake ni rahisi kuichunguza. Pamoja na mwanafunzi wake Peter Novick akatafuta hamira zenye kasoro: zikiwekwa katika joto la nyuzi 24 hufanya kazi vizuri, zikipelekwa nyuzi 37 usafirishaji wake husimama, na ndani ya seli hujaa vifuko visivyoweza kupakua, mfano wa lori zilizokwama njiani. Walitangaza kasoro ya kwanza mwaka 1979, na kufikia mwaka 1980 walikuwa wamezitambua jeni 23 zinazohusika na kazi hiyo. Mwaka 2013 Schekman alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba, pamoja na James Rothman na Thomas Südhof, ambao kila mmoja alifunua upande wake wa njia hiyo.

"Sasa," nikamwambia binti yangu, "hamira na titi la mama yako vinahusianaje?"

Akanijibu kwamba seli za titi, kama seli nyingi za mwili, hukaa nyuma ya uzio mgumu uliofumwa kwa nyuzi za protini. Seli ya saratani ikitaka kutoka lazima iukate uzio huo. Mwaka 1989 mtaalamu Wen-Tien Chen alieleza habari za vijiguu vidogo ambavyo seli za namna hiyo huvitokeza upande wa chini, navyo hukata kilichopo mbele yao. Mwaka 1994 wataalamu wa Japani wakatangaza kimeng'enya ambacho ni kama mkasi, kilichofungwa juu ya utando wa seli yenyewe. Lakini mkasi hautembei peke yake. Hutengenezwa ndani, hupakiwa katika vifuko, na kupelekwa mpaka kwenye vijiguu. Seli ya saratani haikuunda barabara mpya wala magari mapya. Hutumia lori zilezile za seli njema, ila hubadili mzigo na mahali pa kuupeleka.

Hapo nilinyamaza kitambo. Katika kazi yetu hakuna mwizi mgumu kukamatwa kama yule aliyevaa sare na kuendesha gari la serikali, kwa maana hakuna amshukuye.

Nikauliza kwa nini madaktari wasiuzuie mkasi huo kwa dawa. Kumbe walijaribu. Katika miaka ya 1990 dawa za kuzuia vimeng'enya vya jamii hiyo zilijaribiwa kwa wagonjwa wengi, lakini hazikuyarefusha maisha yao kama ilivyotumainiwa, na wengi wakapata maumivu makali ya viungo. Mwili mzima pia huhitaji mikasi ya namna hiyo, kwa kuponya vidonda na kutengeneza mifupa. Kwa sababu hiyo watafiti wengine wamegeukia barabara: wanachunguza ni nani anayeupakia mkasi, ni nani anayeliongoza lori, na kama yaweza kuzuiwa njiani. Kazi hiyo ingali inaendelea katika maabara.

Mwishowe nikatoa swali lililokuwa likiniuma tangu mwanzo. "Mwanangu, je, ni katika miezi ile mitano niliyosema 'ngoja' ndipo ugonjwa ulipouvuka uzio?"

Alitazama chini. Akasema, "Baba, hakuna awezaye kujua siku hiyo. Pengine ulivuka kabla mama hajaugusa uvimbe. Pengine ulivuka katika mwezi wa nne." Hakunihukumu, wala hakunisamehe kwa uongo, nami namshukuru kwa yote mawili.

Mama watoto alikatwa titi, akatibiwa kwa dawa kali zilizomnyonyoa nywele, na leo, mwaka wa sita, yu hai. Bado huenda kupimwa, na kila tuendapo mimi ndimi ninayebeba mkoba wake. Hajapata kunitajia ule mshahara hata siku moja. Ninajitajia mwenyewe.

Enyi akina baba wa kambini, tumefundishwa kulinda lango, lakini adui huyu hapiti langoni, wala hapigi kelele. Mke akisema ameona uvimbe, usiulize kama unauma. Mpelekeni akapimwe wiki hiyohiyo. Nanyi akina mama, msisubiri ruhusa. Tena wapelekeni watoto kwenye chanjo. Chanjo ya homa ya ini ya aina B, ambayo watoto wachanga wa Uganda wameipata tangu mwaka 2002, huzuia ugonjwa uletao saratani ya ini, nayo hutengenezwa kwa msaada wa hamira.

Afisa yule wa California hakujua ni nani aliyesimama mbele yake na baiskeli. Alimsikiliza tu. Jambo hilo dogo ndilo nililokosa kumfanyia mke wangu jioni ile, pasi ikiwa mkononi.