Wakili wa Wenye Madeni

Wanangu, nyinyi mnaokopa kwa simu mkiwa mmejilaza kitandani, hamwezi kujua mwaka 1993 ulivyotukaba koo sisi watu wa Mombasa. Pesa zilikuwa zimemwagwa kabla ya uchaguzi wa Desemba 1992, habari za kashfa ya Goldenberg zilikuwa zimeanza kuvuma, na serikali ilipotaka kuzivuta zile pesa, riba ya hati zake za muda mfupi ilipanda hadi kupita asilimia 70. Benki nazo hazikubaki nyuma. Mtu aliyekopa kununua matatu kwa hesabu zake safi alijikuta anaendesha gari kutwa kucha kulisha riba tu.

Mimi nilikuwa karani wa wakili mmoja, ofisi yake juu ya duka la vitambaa huko Nkrumah Road, karibu na mahakama. Ngazi zilinuka majora mapya na kahawa ya tangawizi ya muuzaji aliyekaa pale chini, shilingi moja kikombe. Wakili alikuwa bwana mnene, mpole wa sauti, na mgeni hakuulizwa anadaiwa kiasi gani mpaka kahawa imeletwa.

Sijasahau seremala mmoja wa Kisauni na mkewe. Mume alikaa ukingoni mwa kiti akiitazama sakafu. Mke alikumbatia mfuko wa nailoni uliojaa barua, nyingi hazijafunguliwa. Madalali walikuwa wamekuja na pikapu alfajiri, majirani wote nje, wakapakia kitanda, masufuria, randa na misumeno. Wakili alinipa barua nizipange kwa tarehe, akamgeukia yule mama akamweleza taratibu: sheria ya kesi za madai hairuhusu kukamata nguo, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko ya mdaiwa na familia yake, wala zana za fundi. Mama akauliza, "Hata sufuria?" "Hata sufuria, dada yangu." Jioni ile nilipiga taipu ombi, na wiki haikwisha randa zikarudi. Nilimwona fundi akizifuta vumbi moja moja kwa kanzu yake.

Deni lilibaki, nalo alililipa kidogo kidogo kwa amri ya mahakama. Watu wengi walikimbilia Bara au kujificha kwa mashemeji wakiogopa kifungo cha madai, hali hakimu alikuwa na uwezo wa kukubali malipo ya awamu. Tena kifungo chenyewe hakifuti deni, na anayedai ndiye anayelipia chakula cha mfungwa. Naamini hadi leo kwamba woga na barua zisizofunguliwa zilibomoa nyumba nyingi kuliko riba.

Kutangazwa mufilisi, kwa wakili wetu, kulikuwa njia ya mwisho kabisa. Sheria ya zamani, Sura ya 53, ilimwandama mtu miaka: jina lake kwenye Gazeti Rasmi, mali yake mikononi mwa msimamizi wa serikali. Ilifutwa na Sheria ya Ufilisi ya 2015, iliyofungua njia nyepesi kwa asiye na mali ambaye madeni yake hayazidi kiwango kilichowekwa. Wakili alikuwa ameshafariki. Angeisoma usiku kucha, na asubuhi angenituma ghorofa ya chini nikaagize kahawa ya watu wanne, watano, kwa sababu wenye mifuko ya nailoni wangekuwa tayari wamepanga foleni ngazini.