Kamsitu kadogo nako ni msitu

Nina tabia ya kuzurura kwenye ramani ya setilaiti usiku, bando ikiwa haijaisha. Wiki hii nilitua kaskazini mwa Moroko, upande wa Tangier na Tetouan. Kutoka juu ni mashamba tu, ngano na shayiri. Halafu ghafla, kidoa cha kijani. Ukivuta karibu, kati ya miti unaona kijumba cheupe chenye kuba. Kaburi la walii.

Wasee, nilikwama hapo. Kwenye nchi iliyolimwa hivyo kwa karne nyingi, makaburi haya ni kati ya sehemu chache ambapo msitu wa asili umebaki: mizeituni mwitu, na ile mialoni ambayo gome lake hutengenezewa vizibo vya chupa. Si ukuta ulioilinda. Ni kwamba watu hawathubutu kukata mti wa walii. Wanaenda pale kwa ziara, neno lile lile tunalolijua Pwani.

Na Pwani ndiko nyanyangu anatoka, Kilifi. Kila tukienda ocha kuna mjadala kuhusu kaya iliyo jirani na shamba letu. Binamu yangu husema, "Hiyo ni ekari ngapi kwani? Tembo hakuna, watalii hawaji. Si vijana wapewe walime?" Si swali la kijinga, jamaa hana kazi. Lakini mialoni ya Moroko imenipa jibu.

Mbegu ya mwaloni ikikauka, imekufa. Haiwezi kulala ardhini miaka mingi ikingoja mvua nzuri. Kwa hivyo benki ya mbegu ni ile miti yenyewe, imesimama hapo. Halafu kuna ndege mmoja wa ukoo wa kunguru ambaye huokota mbegu hizo, akaenda kuzizika mbali kama akiba ya chakula. Zingine hazirudii. Hizo ndizo zinaota. Yaani msitu unasafiri, unavuka hadi shamba la mtu, mradi kidoa kingine kisiwe mbali sana. Ng'oa kimoja cha katikati na umekata njia ya vyote viwili.

Lakini tusidanganyane. Woga unazuia shoka, hauzuii mbuzi. Mbuzi hajui walii ni nani. Anatafuna kila mche unaochungulia, mpaka unapata msitu wa wazee watupu. Kwenye picha uko fiti kabisa, kumbe hauna hata mtoto mmoja wa kuurithi. Hapa ndipo mimi hutofautiana na wanaosema mila pekee inatosha. Kaya za Wamijikenda ziliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka wa 2008, na mimi najivunia, ila orodha haifukuzi mbuzi.

Miche inataka kuzungushiwa miiba kwa miaka kadhaa mpaka ipite urefu wa mdomo wa mbuzi. Miti michache iachwe kwenye mipaka ya mashamba, ndege apate pa kutua. Na mchungaji asiachwe abebe hasara peke yake, kwa sababu kiangazi kikikaza, majani ya pale ndiyo anayoyategemea.

Desemba nikienda Kilifi nitawaomba wazee wa kaya ruhusa ya kuingia. Miti mikubwa nishaiona. Nataka kuhesabu miche.